Usikikimbie Kilio cha Sehemu ya 10

Kijana mmoja wa Malindi ameniandikia wiki hii. Amefika sehemu ya 10 ya katuni ya Kijapani, Fullmetal Alchemist: Brotherhood, amelia, na kaka zake wamemcheka: mwanamume mzima analilia katuni! Anauliza afanye nini asiumie tena. (Kama hujafika hapo, acha kusoma, urudi ukishaitazama.)

Mdogo wangu, umia. Mimi niliitazama kwa simu, nyumbani Langoni, Lamu, baada ya isha, nikalia mpaka bibi akaja kuuliza msiba ni wa nani. Maes Hughes, mwanajeshi wa hadithi hii, tumemzoea kwa vichekesho vyake, kila anayekutana naye lazima aonyeshwe picha za bintiye. Halafu yumo kwenye kibanda cha simu, kisu mkononi, na adui aliye mbele yake anajigeuza sura ya mkewe. Mkono unasita. Basi. Mapenzi yaleyale tuliyokuwa tukiyachekea ndiyo yaliyomponza. Hiromu Arakawa, mwanamke aliyeitunga hadithi hii, alijua anachokifanya.

Lakini kilichonimaliza ni mazishi. Elicia, yule bintiye, bado mdogo, anauliza kwa nini wanamfukia baba ilhali ana kazi nyingi. Baba yangu alipofariki nilikuwa mdogo kama yeye. Kwetu Lamu maiti husindikizwa na wanaume, nami nilibaki nyumbani nikaambiwa baba amesafiri. Nikamngoja. Wakubwa walidhani wananihurumia, na hilo mpaka leo halijanitoka moyoni. Swali la Elicia lilikuwa langu, ila mimi hakuna aliyeniacha niliulize.

Kwa hiyo lia, kisha zima simu. Usiingie sehemu ya 11 usiku uleule hata kama bando lipo. Kesho yake mtafute mtu aliyeitazama, mkae barazani mumzungumze Hughes kama mnavyomzungumza marehemu mliyemjua. Mimi nilikaa na binamu yangu, na kabla hatujainuka nikajikuta namsimulia habari za baba, mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Na msikubali kuambiwa ni katuni tu. Al-Inkishafi, ule utenzi wetu wa zamani, ikisomwa, watu hufuta machozi kwa ajili ya mabwana wa Pate waliokufa zamani na majumba yao yaliyobaki magofu, na hakuna anayewauliza wanamlilia nani. Machozi ya hadithi ni machozi. Kaka zako waanze sehemu ya kwanza, wasirukie ya 10, wamzoee Hughes kwanza. Wakifika kwenye kile kibanda, ndipo waje tuzungumze.