Kunyoosha? Mi nawaza unga

Mhariri, wiki hii mmeuliza "ukisikia neno kunyoosha, unawaza nini kwanza?" Najua wengi watajibu pasi au mazoezi ya viungo. Mi nilivokua Tanga neno hilo lilikuwa kitisho tu, "subiri baba ako arudi, atakunyoosha", na kweli nilinyooshwa, tena si mara moja.

Sa hivi naishi Bari, Italia, na nikilisikia nawaza mikono ya bibi mmoja jirani yangu, Mualbania wa Përmet, kusini mwa nchi yao. Bari ndo bandari ilikoingia ile meli Vlora Agosti 1991 imesheheni watu kama 20,000 waliokimbia Albania, wengi wakarudishwa, ila bibi yeye alikuja miaka ya baadaye kwa feri, na tiketi yake mkononi, hilo lazima akwambie.

Jumamosi moja kaniita nimsaidie kupika byrek, pai ya kwao ya karatasi nyembamba za unga zinazopangwa moja juu ya nyingine. Nikaona unga wa ngano, maji, chumvi, nikajisemea aah hii si chapati tu, nimezaliwa nayo. Thubutu! Sisi tunasukuma chapati, ikifika unene wake basi, yeye ana kijiti chembamba kirefu kama mkono mzima, kinaitwa okllai, anauviringisha unga humo, viganja vinatembea toka katikati kwenda pembeni, anakunjua, anageuza, anaviringisha tena, mpaka duara linazidi sinia na maua ya kitambaa cha meza unayaona kwa chini. Zamu yangu ikafika nikavuta kwa nguvu, tobo. Nikamuuliza niendelee? Akatikisa kichwa huku na huku, nikaweka kijiti chini kwa aibu, naye akabaki ananishangaa, kumbe kwao kutikisa vile ndo "ndiyo"! Karatasi yangu yenye tobo ikaenda katikati ya sinia, nzima zikakaa juu na chini, hakuna aliyejua.

Unga ukiwa umelala anaweka nyimbo za kwao. Hapo ndo kuna kunyoosha kwingine, wengine wanaimba maneno na kundi zima chini yao limeshika "eee" moja tu, wanaiita iso, wanapokezana pumzi kwahiyo sauti haikatiki hata nukta, yani unajikuta we mwenyewe umeacha kupumua unawasubiri. UNESCO waliitambua 2005 na 2008 ikaingia kwenye orodha yao ya urithi. Mi sikuipenda siku ya kwanza, nasema ukweli, nilidhani spika imeharibika.

Jioni anabadili viatu, anapaka lipstiki, anasema xhiro (tamka jiro). Ni kunyoosha miguu, ila kwao ni kama ibada, watu wa mtaa mzima wanatoka, kuna miji barabara inafungwa magari kabisa, mnaenda mpaka mwisho mnarudi, salamu kila hatua tatu. Hakuna mnakoenda.

Siku ile ya byrek tulikuwa wanne, kabla hatujakaa wakabisha hodi wengine watatu. Kwetu ungeongeza maji kwenye mchuzi, yeye kachukua kisu kakata vipande vidogo zaidi, huku anasema msemo wa Kanun, zile sheria za kimila za milima ya kaskazini, kwamba nyumba ya Mualbania ni ya Mungu na ya mgeni. Yeye wa kusini, Kanun si ya kwao, ila msemo anautumia bila wasiwasi wowote.

Mwezi uliopita kaniletea okllai yangu toka Përmet. Nikampigia mama video, nikakinyanyua kile kijiti aone. Akakiangalia weee, akauliza, "Hicho ndo wananyooshea watoto huko?"