Printa za 3D na kunakili vipuri: niliyoyaona karakanani kwangu

Ndugu yetu ameuliza kama printa za 3D za nyumbani, mashine zinazounda kitu tabaka kwa tabaka kwa plastiki iliyoyeyushwa, zitawafanyia watengenezaji wa bidhaa kile ambacho kompyuta iliwafanyia wanamuziki, yaani kila mtu kujinakilia bila kulipa. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme hapa Mombasa, na printa hiyo ninayo karakanani kwa mwaka wa nne sasa.

Mashine hizi zenyewe zilienea kwa kunakiliwa. Mradi wa RepRap, ulioanzishwa mwaka 2005 na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ulitoa bure michoro ya printa inayoweza kuchapa baadhi ya sehemu zake, na hataza kuu ya Marekani (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake) juu ya teknolojia hiyo ilipokwisha mwaka 2009, bei zikashuka.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kile kigurudumu chenye meno kinachokaa chini ya jagi la blenda. Kwa wauza juisi huvunjika mara kwa mara, na kwa aina niliyokuwa nayo hakiuzwi peke yake. Mteja huambiwa anunue mashine nzima. Nilikipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, nikakichora kwenye kompyuta kwa jioni mbili, nikakichapa kwa PLA, ambayo ndiyo plastiki rahisi kuichapa. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mteja akarudi: joto la mota lilikuwa limekilegeza, kwa kuwa PLA huanza kulainika ikifika nyuzi joto 60 hivi. Nikahamia nailoni, ambayo hunyonya unyevu, na hewa ya Pwani mnaijua. Isipokaushwa kwa saa kadhaa kabla ya kuchapwa, kipuri hutoka na vitundu ndani na meno yake hukatika. Wiki kadhaa zilipita kabla sijapata kinachodumu.

Hapo ndipo mfano wa muziki unapokwama. Wimbo ulionakiliwa husikika kama wenyewe, lakini kipuri huweza kufanana kabisa kwa umbo huku uimara wake ukitegemea plastiki iliyotumika na mkono wa aliyekichapa, mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyaona kwa macho.

Hata hivyo, faili la mchoro wangu lilipokamilika nilimtumia fundi mwenzangu wa Nakuru, naye jioni ile ile akawa na kipuri mkononi. Sheria yetu ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia huwawezesha wakaguzi kukamata mzigo, lakini hapa hapakuwa na mzigo wowote njiani. Nayo Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 huelekeza haki za mwenye hataza kwenye matendo ya kiviwanda na ya kibiashara, kwa hiyo anayejichapia kwa matumizi yake nyumbani hayuko mahali pamoja na mimi ninayemtoza mteja. Kwa sababu hiyo mimi huwaambia wateja wazi kwamba kipuri nimekichapa mwenyewe, na nembo ya kampuni siigusi.

Si wote wafanyao hivyo. Mwaka jana mama mmoja muuza juisi aliniletea kigurudumu chenye nembo, alichouziwa kama halisi, kikiwa kimeyeyuka. Nilipokigeuza nikauona mkunjo niliouchora mimi mwenyewe. Faili lilikuwa langu, plastiki ilikuwa PLA, na yeye alikuwa amepoteza mauzo ya siku nzima. Tangu hapo kila faili ninalotoa huandamana na maelezo ya plastiki inayofaa, ingawa aliyekusudia kudanganya hatayafuata. Mtengenezaji angeuza faili lake mwenyewe ningelilipia kwa moyo mweupe. Nimemwandikia wakala wake mara mbili, na jibu bado nalisubiri.