Fleti tauni? Anza na hati

Dada, umeuliza kama ununue fleti kwenye lile jengo la ofisi linalogeuzwa makazi tauni, Nairobi. Usitazame rangi ya ukuta, uliza hati. Sheria ya Kenya ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020 inaruhusu kila nyumba ghorofani iwe na hatimiliki yake, na wenye nyumba wanakuwa na shirika la kusimamia ngazi, lifti na paa. Kama ardhi ni ya lisi, yaani imekodishwa kwa miaka maalumu, iwe imebakisha angalau miaka 21. Kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi pia ukione kwa macho yako. Ofisi haiwi nyumba kwa kuwekewa sinki.

Halafu maji! Niliwahi kupanga ghorofa ya tano karibu na River Road, jengo lililokuwa la ofisi: bomba moja jembamba, vyoo mwisho wa korido. Jumamosi watu wakianza kufua, mfereji wangu ulikohoa tu. Na makanga wanaita abiria hadi usiku (hilo utazoea). Nenda saa mbili usiku, fungua mifereji yote kwa pamoja. Bei ikikulemea, tazama mtaa wa Ngara, tauni unafika kwa miguu.