Mwanamaji kuwa Mkuu wa Majeshi Kenya?
Ndiyo ndugu yangu, inawezekana, na imeshatokea mara tatu. Wa kwanza ni Jenerali Joseph Kibwana, aliyempokea Jenerali Daudi Tonje mwaka 2000 na kushika usukani hadi 2005. Kabla ya hapo aliliongoza Jeshi la Wanamaji, lile lenye kambi yake Mtongwe, ng'ambo ya bandari ya Kilindini, Mombasa. Wa pili ni Samson Mwathethe, 2015 hadi 2020, na wa tatu ni Charles Kahariri, aliyeteuliwa 2024.

Na kama unajiuliza mbona hawa hawaitwi "admirali", cheo cha wakuu wa wanamaji katika nchi nyingine, lisikuchanganye. Wanamaji wa Kenya hutumia vyeo vya nchi kavu, kwa hiyo kamanda wao, hata akisimama na sare nyeupe pwaa sitahani, huitwa meja jenerali. Kwa jeshi changa la wanamaji lililoanzishwa 1964, sisi watu wa Pwani tunajivunia sana.