Ukifundisha mpasuko wa nyuklia, ifuate nyutroni

Mwalimu mwenzangu wa fizikia, ukifika kwenye mpasuko wa nyuklia, yaani kiini cha atomi kugawanyika, usianze na bomu. Linavuta masikio, lakini darasa likishaingiwa na Hiroshima, wanafunzi huondoka wakiamini kila urani ni baruti inayosubiri kiberiti. Mimi huanza na swali moja, nikalirudia kipindi kizima: nyutroni zimekwenda wapi?

Andika ubaoni: urani-235 imepigwa na nyutroni moja, ikapasuka kuwa bariamu-141 na kriptoni-92. Namba hizo ni jumla ya protoni na nyutroni katika kila kiini; waache wajumlishe wenyewe pande zote mbili. Wataona pamepungua tatu. Hizo ndizo nyutroni mpya.

Kisha toka nao nje. Kila mmoja ni kiini cha urani; ashike vibonge viwili vya karatasi, ndizo nyutroni, na akiguswa na kibonge avirushe vyake juu bila kulenga. Wakisimama wamebanana, karatasi zote huruka kufumba na kufumbua. Watawanye, na mchezo unafia njiani kwa sababu vibonge vingi vinaangukia chini. Hapo wataelewa kwa nini kipande kidogo cha urani hakiwezi kuendeleza mnyororo, yaani mpasuko mmoja kuzaa mwingine. Sasa teua wachache wadake bila kurusha. Ongeza na upunguze wadakaji mpaka kila mrushaji azae mrushaji mmoja tu. Hicho ndicho kinu cha nyuklia, na hapa usiwe na haraka.

Baada ya mchezo, wasimulie Chicago, tarehe 2 Desemba 1942. Mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walirundika grafiti na urani chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo kikuu. Grafiti ilipunguza mwendo wa nyutroni, fito za metali ya kadimi zikazidaka. Fito zilipovutwa taratibu, mnyororo ukajiendesha wenyewe, kwa nguvu ya takriban nusu wati. Hiyo nusu wati huwashangaza wanafunzi wangu kuliko mlipuko wowote.

Hesabu iwe moja: kilo moja ya urani-235 ina atomi kama 2.6 × 10²⁴. Ukianza na mpasuko mmoja unaojirudufu, vizazi vingapi vitaimaliza? Wakadirie kwanza. Wengi hutaja mamilioni, kumbe ni kama 80.

Kazi ya nyumbani huwa ni Oklo, Gabon, ambako takriban miaka bilioni 2 iliyopita mnyororo ulijiwasha wenyewe ndani ya mwamba wenye urani na maji, ukawa unazimika na kuwaka tena. Nawauliza: nani alikuwa akiuzima? Anayejibu kwamba maji yalichemka yakatoweka, nyutroni zikabaki na kasi na nyingi zikashindwa kupasua viini, huyo nampa alama zote, hata kama hakuandika mlinganyo.