Vita husimuliwa, kipigo cha ndoa hufichwa

Dada mmoja wa Goma ameniandikia akiuliza aanzeje kundi la ushauri kwa wanawake waliobakwa vitani ambao, wakirudi nyumbani, wanapigwa na waume zao. Ninamjibu hapa kwa sababu najua wengi wenu mna nia hiyo hiyo.

Ninaongoza kundi la namna hiyo Kadutu, hapa Bukavu, na ninajivunia. Hivi karibuni mama mmoja, ambaye habari za msituni alizisimulia bila sauti kutetemeka, alinyamaza simu yake ilipobipu. Kwa kawaida mumewe akibipu hutoka nje mbio, safari hii aliilaza kifudifudi juu ya kitenge chake, akasema, "Huyu ndiye ninayemwogopa sasa." Ndipo wenzake nao wakafunguka. Habari za vita hata redioni husikika, lakini mke anayepigwa huambiwa avumilie, na aliyebakwa huhesabiwa kuwa na bahati kwamba mume hakumfukuza.

Kwa hiyo, dada yangu, kundi liwe dogo, na likishaanza lisipokee mgeni. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu na kuchapishwa mwaka 2013 ulitumia vikao 12, makundi yakiwa ya wanawake sita hadi wanane. Miezi sita baada ya tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9, ilhali katika vijiji ambako wanawake walisaidiwa mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari, bali wasaidizi wa kijamii wa huku huku waliofundishwa na kusimamiwa vizuri.

Asiyetaka kusimulia asisukumwe. Wala msimwite mume mbele ya kundi ili "kupatanisha", maana mke ndiye atakayelipia usiku. Mchungaji mmoja alitusema madhabahuni kwamba tunawafundisha wake kiburi, nami nikiwa nimeketi pale pale. Bado linaniuma, lakini wake za watu wanahitaji kusikilizwa kabla ya kuhubiriwa.

Mwisho, unganisheni ushauri na likelemba ya kweli, yaani kundi la kuchangishana fedha na kupokezana kwa zamu. Mume anayekataza mkewe kwenda kwenye ushauri mara nyingi humruhusu kwenda kuweka akiba, na akiba hiyo ndiyo nauli yake siku atakapolazimika kuondoka na watoto.