Usilipie VIP ya pembeni ya steji kabla hujajua fundi mitambo anakaa wapi

Mkuu, hiyo tiketi usiilipie. Kama umeshaingiza namba ya malipo kwenye simu, futa kwanza unisome.

Umesema unamleta mama kutoka Morogoro kwenye tamasha la muziki kwa Mkapa, ule uwanja wa mpira wa Dar, wakala wa tiketi kakuambia VIP ya kulia mwa steji ndiyo iko karibu kabisa na msanii, na unauliza kama inashinda mzunguko, vile viti vya kawaida vya bei ya chini, na mtoto wa miaka sita aje au abaki. Nimefika hapo kwenye "kulia mwa steji" damu ikanichemka. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi, na aliyeniuzia alikuwa anajua anachokifanya.

Ulikuwa uwanja wa mpira vilevile, wa wapi haijalishi. Nilimpeleka mama mkwe, mtu anayempenda yule mwimbaji tangu enzi za kaseti. Wakala akaniapia: VIP ni VIP, mtamwona mpaka jasho. Bei zaidi ya mara tatu ya mzunguko, nikatoa. Tumefika, kiti kina mto, maji ya chupa yapo, mama kafurahi. Steji sasa. Imejengwa nyuma ya goli, inatazama uwanjani, na sisi tumekaa karibu usawa nayo, ubavuni. Mbele yetu mabomba ya chuma yaliyofungwa kwa klampu, turubai jeusi, na rundo la spika limening'inia kwenye minyororo limetupa ubavu. Skrini zote mbili zimeelekezwa uwanjani, kwetu tunaona fremu na nyaya. Mwimbaji akija ukingoni tunapata bega moja, akirudi katikati hatumwoni tena mpaka wimbo uishe. Mama mkwe anaweza kukuchorea yale mabomba mpaka leo, bomba kwa bomba.

Lakini hayo ya macho tungevumilia. Sauti ndiyo iliyotumaliza. Besi haina adabu, inazunguka pande zote hadi nyuma ya spika, kwa hiyo kifua kilitikisika usiku kucha. Sauti ya mtu, gitaa, tarumbeta, vile vya juu, spika kubwa za tamasha huvirusha mbele kama mwanga wa tochi. Ukikaa ubavuni umekaa gizani. Unapata mtikisiko, maneno huyapati. Ikafika mahali mama ananiinamia sikioni, "Baba, huu ndio wimbo gani?" Ulikuwa ule ule aliousubiri! Ng'ambo ya uwanja, watu wa mzunguko waliolipa kidogo walikuwa wanauimba neno kwa neno, tunawaona mikono juu.

Kesho yake nikamrudia yule wakala. Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Mzee, si kiti kilikuwa na mto?" Mchoro wa steji alikuwa nao kwenye simu yake tangu wiki mbili nyuma, mwenyewe alinionyesha. Sina neno laini kwa mtu wa namna hiyo. Anamtazama mtu akikusanya hela amfurahishe mzazi wake, anamuuzia mgongo wa spika, halafu anamtajia mto. Na huyo wako anaongea kama yeye.

Sasa sikia. Kabla hujanunua kiti chochote cha muziki mahali pakubwa, uliza kitu kimoja: fundi mitambo anakaa wapi? Yule wa kusawazisha sauti, mwenye meza yenye vitufe mia. Kwa kawaida huwekwa mbele ya steji, kwenye mstari wa katikati au karibu nao, mara nyingi mita 30 na kitu hivi kutoka steji, kwa sababu anarekebisha kile anachokisikia mwenyewe pale alipo. Muziki wote wa usiku ule unapikwa kwa masikio yake. Ukiwa jirani naye unasikia anachosikia yeye. Usikae tu nyuma ya kibanda chake ukiwa chini, kitakuziba. Aliyekutajia karibu na msanii mwambie hukuuliza karibu, umeuliza steji inatazama wapi na fundi yuko wapi.

Kwa Mkapa watu wanapotezwa na majina ya tiketi za mpira. VIP A kwenye mechi ya Simba na Yanga ni mfalme, maana inatazama katikati ya uwanja. Muziki hauchezwi katikati ya uwanja. Wakiijenga steji upande wa pili ikaitazama VIP A, lipa na mimi nitakuunga mkono. Wakiiweka nyuma ya goli, aliye katikati ya VIP A anaangalia kimshazari kutoka zaidi ya mita 70, maana pale kabla hujafika kwenye nyasi kuna njia za riadha. Na mzunguko wa goli la pili unatazama steji uso kwa uso, ila umeshavuka mita 100. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo utaona fimbo ya mpiga ngoma ikishuka halafu ndiyo mlio ukufikie. Hapo uliza kama wanaweka minara ya spika katikati ya uwanja. Ikiwepo, na huko nyuma maneno utayasikia. Isipokuwepo, uwanja wa watu 60,000 unameza sauti yote.

Hata ukumbi wa kisasa haukuokoi. BK Arena ya Kigali, ile aliyopiga Kendrick Lamar Desemba 2023, ni ukumbi wa shughuli nyingi, mpira wa kikapu ukiwemo. Kiti cha katikati ya uwanja kinachogombewa kwenye kikapu, steji ikiwekwa upande mmoja kinageuka kiti cha ubavuni.

Kule chini kwenye nyasi, mbele kabisa, usimpeleke mama. Atasimama saa nyingi, masanduku ya besi yamepangwa chini usawa wa miguu yake, na spika za sauti ya mtu zimening'inizwa juu zinampita kichwani. Mtoto akija, mnunulie vile vizuia sauti vya kufunika masikio yote. Pamba haitoshi.

Mpigie mwandaaji mwenyewe, wakala mwache. Omba mchoro unaoonyesha steji, skrini na meza ya fundi mitambo. Wakisema hawana, subiri, hela ikae mfukoni, kwa sababu wanao. Ukiupata uweke hapa hapa kwenye uzi, nitakuonyesha safu ya kumkalisha mama.